Biti Hazijapitwa na Wakati: Ushahidi Uko Kwenye LUKU

Kuna kauli inayotolewa siku hizi kwa uhakika mkubwa vyuoni, katika ofisi za kompyuta na miongoni mwa vijana wanaojifunza kuandika programu: kwamba habari za biti zimekwisha. Wanaoitoa wanasema kumbukumbu ya kompyuta imekuwa ya bei rahisi, simu ya kawaida ina gigabaiti kadhaa, lugha za kisasa zimeficha kila kilicho chini, na kwa hiyo kijana wa Arusha anayekesha akijifunza kusogeza biti kushoto na kulia, kuzichuja kwa NA na kuziunganisha kwa AU, anajinyima muda ambao angeutumia kujenga tovuti au programu ya simu. Kauli hii inavutia kwa sababu nusu yake ni kweli. Kumbukumbu imeshuka bei kweli, na tovuti zinaajiri kweli. Hitimisho lake ndilo bovu, na ubovu wake unatuumiza sisi kuliko unavyowaumiza wenye viwanda vya vifaa. Ushahidi wa kuipinga hauko mbali. Umefungwa ukutani katika nyumba, saluni na mashine za kusaga za Ngaramtoni, kando ya barabara ya Namanga, ndani ya kisanduku cha LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ambacho kila mmoja wetu anakilisha tarakimu 20 anapotaka umeme.

Kwanza nieleze ninachokitetea, maana wengi hukibeza bila kukitazama. Kompyuta haina kipimo kidogo kuliko biti, yaani nafasi moja yenye sifuri au moja, lakini haiwezi kuichukua biti moja peke yake kutoka kwenye kumbukumbu. Huchukua baiti nzima ya biti 8, au neno zima la biti 32 au 64. Mwandishi wa programu anapokuwa na habari ndogo ndogo nyingi, za ndiyo na hapana au namba zisizozidi 15, ana njia mbili. Anaweza kuipa kila habari baiti yake na kuacha nafasi kubwa ikiwa tupu, au anaweza kuzipanga zikagusana, hii ikianzia pale iliyotangulia ilipoishia. Akichagua njia ya pili, lazima ajue kuzitoa na kuzirudisha. Kuwasha biti ni kuchukua moja, kuisogeza hadi nafasi inayotakiwa, na hiyo ndiyo barakoa, kisha kuiunganisha kwa AU. Kuizima ni kuigeuza barakoa hiyo na kuchuja kwa NA. Kuipindua ni AU ya kipekee, ile inayotoa moja pale tu pande mbili zinapotofautiana. Kusoma sehemu iliyo katikati ni kusogeza kulia hadi sehemu hiyo ifike mwisho, kisha kuchuja kinachozidi. Hiyo ndiyo elimu yote kwa muhtasari, na mwalimu mzuri anaweza kuiweka ubaoni kwa siku moja. Kinachochukua muda ni kujua lini inahitajika, na hapo ndipo LUKU inapotusaidia.

Tokeni ya umeme, yaani zile tarakimu 20, inafuata kiwango kiitwacho STS, kilichozaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990 na baadaye kikapokelewa na shirika la viwango la kimataifa, IEC, kwa namba 62055-41. Ndani ya tarakimu zile 20 mna biti 66, zisizopungua wala kuzidi. Biti 2 zinataja daraja la tokeni, 4 zinataja aina ndani ya daraja hilo, 4 ni za bahati nasibu, 24 zinabeba wakati tokeni ilipotengenezwa, 16 zinabeba kiasi cha umeme, na 16 za mwisho ni za kukagua kama mtu amekosea tarakimu. Biti 64 kati ya hizo husimbwa kwa ufunguo wa mita husika, ndiyo sababu tokeni ya jirani haiingii kwako. Zile mbili za daraja huachwa wazi, lakini hazikai mwanzoni. Huchomekwa katika nafasi ya 28 na ya 27, na biti zilizokuwapo hapo huhamishiwa nafasi ya 65 na ya 64. Mita inapopokea tarakimu zako hufanya safari hiyo kinyumenyume: inazigeuza kuwa biti, inachomoa zile mbili, inazirudisha zilizohamishwa, inafungua usimbaji, kisha inaanza kusogeza na kuchuja. Ikitaka kiasi cha umeme, inasogeza kulia nafasi 16 na kubakiza biti 16. Ikitaka wakati, inasogeza nafasi 32 na kubakiza 24. Kazi hii inafanywa na kichipu kidogo ambacho hakina nafasi ya kubeba lugha za kisasa zenye kuficha mambo, na kinaifanya kila mtu anaponunua umeme, kuanzia sokoni Ngaramtoni hadi Oldonyo Sambu.

Sasa jaribu kuipanga tokeni hiyo kwa falsafa ya kwamba nafasi ni rahisi. Ipe kila sehemu baiti zake kamili: moja ya daraja, moja ya aina, moja ya bahati nasibu, tatu za wakati, mbili za kiasi na mbili za ukaguzi. Zinakuwa baiti 10, yaani biti 80, na biti 80 zinahitaji tarakimu 25. Ukiziandika kwa maneno na mabano kama programu za mtandaoni zinavyotumiana habari, utapita herufi mia moja. Mama anayebonyeza vitufe vya mita gizani, taa ya simu ikiwa mdomoni, anaongezewa tarakimu 5 kila anaponunua umeme, kwa sababu tu mwandishi wa programu hakutaka kujifunza kusogeza biti. Hapa ndipo hoja ya bei ya kumbukumbu inapokosa shabaha. Hakuna aliyebana tokeni kwa sababu kumbukumbu ilikuwa ghali. Imebanwa kwa sababu njia inayopita ni kidole cha binadamu, na kidole hakijapanuka tangu 1993. Gigabaiti zilizomo kwenye seva haziongezi hata tarakimu moja kwenye uvumilivu wa mtu anayesoma namba kutoka kwenye ujumbe na kuibonyeza ukutani.

Tazama pia jinsi kiasi cha umeme kilivyowekwa katika biti 16. Mita inahesabu kwa sehemu ya kumi ya uniti, hivyo uniti 28.5 huandikwa 285, namba inayotosha katika biti 9. Biti 16 za kawaida zingeishia 65,535, yaani uniti 6,553.5, kiasi kinachomtosha mwenye nyumba lakini si mwenye kiwanda. Waliobuni STS hawakuongeza biti. Walizigawa zile 16: 2 za juu zinataja ngazi, 14 za chini zinataja namba ndani ya ngazi hiyo. Katika ngazi ya kwanza hesabu ni kamili hadi uniti 1,638.3, kila ngazi inayofuata inaruka kwa hatua kubwa mara kumi, na ngazi ya mwisho inafika uniti 1,820,162.4. Mnunuzi mdogo hapunjwi hata sehemu ya kumi, mkubwa anapata nafasi, na hakuna tarakimu iliyoongezwa. Nauona huu kuwa uhandisi mzuri kuliko mengi yanayosifiwa kwenye makongamano ya teknolojia, na ulifanyika barani kwetu, kwa ajili ya watu wanaonunua umeme kidogo kidogo kama tunavyonunua sisi.

Wapo watakaosema: haya, lakini mita zinatengenezwa na wengine, kijana wetu ataandika programu ya simu ya kununulia tu, na huko juu biti hazimhusu. Zinamhusu sana, na zitamwadhibu bila kumwonya. Akiihifadhi tokeni kama namba ya kawaida katika JavaScript, lugha inayofundishwa kuliko zote kwa wajenga tovuti, ataipoteza, kwa kuwa namba za lugha hiyo ni sahihi hadi mbili kwa kipeo cha 53 tu, takriban tarakimu 16. Tarakimu za mwisho zitabadilika kimyakimya na mita itaikataa tokeni. Akijaribu operesheni za biti za lugha hiyohiyo, atakuta zinakata kila kitu hadi biti 32. Akihamia kwenye lugha yenye namba kamili za biti 64, bado tokeni haitoshi, kwa sababu ina biti 66. Mhasibu akiibandika kwenye Excel kama namba, programu hiyo itatunza tarakimu 15 na kujaza sifuri tano mwishoni. Anayejua biti ataitunza tokeni kama maandishi tangu mwanzo, na atajua sababu. Asiyejua atalaumu mtandao, atamlaumu mteja, ataandika upya sehemu ya programu ambayo haikuwa na kosa. Tabaka la juu limejengwa juu ya la chini, na kosa la chini halimwombi ruhusa mtu aliye juu.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linatoka upande mwingine, nami nalipa heshima yake. Mwaka 2024 wateja wa shirika letu la umeme, TANESCO, walitakiwa, kabla ya 24 Novemba, kuingiza makundi mawili ya tarakimu 20 kabla ya kundi la umeme wenyewe. Wateja wa Kenya Power walipitia hayohayo, na wa nchi nyingine nyingi duniani. Chanzo kilikuwa zile biti 24 za wakati. Zinahesabu dakika tangu 1 Januari 1993, na biti 24 haziwezi kuhesabu zaidi ya dakika 16,777,216, yaani siku 11,650 na saa kadhaa, ambazo zinaishia 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri, na mita, ambayo hukumbuka nyakati za tokeni zilizopita ili mtu asitumie tokeni moja mara mbili, ingeiona tokeni mpya kuwa ya kale na kuikataa. Basi, anasema mpinzani, huo ndio ubahili wa biti na madhara yake: mamilioni ya watu wamesumbuliwa kwa sababu mtu fulani alikataa kuongeza biti moja.

Hesabu yake inaonekana sawa hadi uijaribu. Biti moja zaidi ingeongeza muda maradufu, hadi mwaka 2056. Lakini ingetoka wapi? Tarakimu 20 zinaweza kubeba biti 66 na sehemu kidogo isiyofika nusu ya biti. Biti ya 67 inahitaji tarakimu ya 21, kwa kila tokeni, kwa kila mteja, kwa miaka yote 31, ili kuepusha usumbufu wa siku moja mwishoni. Ukiiba biti kwenye bahati nasibu, unapunguza tokeni tofauti zinazoweza kutengenezwa ndani ya dakika ileile kwa mita ileile. Ukiiba kwenye ukaguzi, makosa ya kubonyeza yanapenya kwa urahisi mara mbili. Wabunifu walipima, wakachagua, na wakaacha mlango wa kutokea. Katika tokeni ya kubadilisha ufunguo kuna biti moja, moja tu, inayoiambia mita ifute kumbukumbu ya nyakati za zamani na kuanza upya. Na yale makundi mawili ya ziada yaliyowashangaza wengi yana sababu ileile ya nafasi: ufunguo wa mita una biti 64, tokeni moja ina nafasi ya kubeba 32 za ufunguo baada ya kuondoa vitambulisho na ukaguzi, hivyo nusu ya kwanza ikaja na tokeni ya kwanza na nusu ya pili na ya pili. Ndiyo maana hukuweza kuingiza moja ukaiacha nyingine. Katika ufunguo huo mpya, tarehe ya kuanzia hesabu ikasogezwa hadi 1 Januari 2014.

Kwa hiyo 2024 haikuwa hukumu dhidi ya kubana biti. Ilikuwa mtihani wa kama tunawaelewa waliobana, na watu wengi waliopaswa kutueleza walitueleza nusu nusu. Mitaani ikazuka hofu kwamba uniti zinapunguzwa au kwamba bei inapandishwa kwa siri. Kijana mmoja katika kila kata mwenye uwezo wa kusema "dakika zimejaa katika biti 24, na tokeni hizi mbili zinabeba nusu mbili za ufunguo" angezima hofu hiyo kwa dakika tano. Mitihani ya aina hii inaendelea kuja. Hesabu ya wiki ya GPS, inayokaa katika biti 10, ilirudi sifuri usiku wa kuamkia 7 Aprili 2019, na itarudi tena mwaka 2038. Magari ya watalii yanayotoka Arusha yanatembea na vifaa hivyo. Mifumo inayohesabu sekunde katika biti 32 zenye alama ya hasi na chanya itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Vifaa vingapi katika mahospitali, mitambo ya maji na vituo vya umeme vitaguswa, atakayejua ni yule anayeweza kuvifungua na kuangalia biti zake.

Ujumbe mfupi wa simu unafuata mantiki ileile, ila hapa gharama ni ya fedha taslimu. Ujumbe mmoja una baiti 140. Zikigawanywa kwa herufi za biti 8 zingetoka herufi 140. Kiwango cha GSM kinazibana herufi katika biti 7, nane zikiingia katika baiti saba, na ndipo zinapopatikana 160. Menyu tunazopata tukipiga *150*00# hubanwa hivyohivyo: baiti 160 zinabeba herufi 182. Kiswahili kina bahati hapa, kwa sababu herufi zetu zote zimo katika jedwali la biti 7, pamoja na ile ritifaa iliyonyooka ya ng'ombe na ng'ambo. Lakini programu nyingi za kuandikia huigeuza ritifaa hiyo kuwa ile iliyopinda, ambayo haimo kwenye jedwali. Alama moja hiyo inaulazimisha ujumbe wote uhamie kwenye biti 16 kwa kila herufi, na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Tangazo la chanjo ya ng'ombe lenye herufi 120, likitumwa kwa wafugaji elfu kumi, linahesabiwa kuwa jumbe elfu ishirini. Ankara inakuwa maradufu kwa sababu ya alama ndogo kuliko punje ya ulezi, na anayeilipa hataiona sababu hiyo kamwe asipojua kwamba kuna biti chini ya herufi.

Hata pale ambapo kumbukumbu ni tele, kubana biti hakufi. Hubadilisha faida tu, kutoka nafasi kwenda kasi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,356,255 katika mkoa wa Arusha. Tuseme idara ya afya inataka kutunza jibu la swali moja kwa kila mtu: amepata chanjo fulani au hajapata. Orodha ya kawaida ya Python hutumia baiti 8 kwa kila mtu kuelekeza kwenye jibu lake, karibu megabaiti 19. Safu ya biti zilizobanwa inatumia baiti 294,532, mara 64 chini ya hapo, na inaweza kukaa katika kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe, ambako kusoma ni haraka mno. Ukiwa na safu mbili za namna hiyo, moja ya surua na moja ya polio, na ukitaka waliopata zote mbili, prosesa inachuja kwa NA watu 64 kwa mkupuo; operesheni 36,817 zinamaliza mkoa mzima. Hifadhidata ya PostgreSQL hutumia ramani za biti za aina hii inapounganisha faharasa mbili kujibu swali moja. Wanaosema hawahitaji biti kwa sababu wanatumia hifadhidata hawajatazama ndani ya hifadhidata yao.

Wengine husema kompaila itafanya kazi hiyo. Kompaila ni hodari, lakini haiamui mpangilio. Inatekeleza ulioamuliwa na mtu. Lugha ya C inakuruhusu kutangaza sehemu za biti ndani ya muundo, ila haisemi zipangwe kuanzia upande gani. Kila kompaila inajiamulia. Mita iliyoandikwa kwa kompaila moja na seva iliyoandikwa kwa nyingine zinaweza kuisoma data ileile kinyume, ndiyo maana waangalifu husogeza na kuchuja kwa mkono wao katika kila kinachovuka waya. Lugha hiyohiyo haitoi dhamana yoyote ukiisogeza moja ya biti 32 nafasi 40. Leo itakupa jibu, kesho kwenye kichipu kingine itakupa jingine. Maktaba za programu nazo zimeandikwa na watu, na hoja yangu yote ni kwamba baadhi ya watu hao wawe wa kwetu.

Kuhusu usomekaji, nakubaliana na wapinzani wangu kuliko wanavyotarajia. Programu iliyojaa namba zisizo na majina na mishale ya kusogeza ni adha kwa anayeirithi. Dawa yake inajulikana: kila barakoa ipewe jina, kila kusogeza kufungiwe ndani ya kazi ndogo yenye jina, na kila kazi iwe na majaribio yanayopakia na kupakua hadi thamani irudi ilivyokuwa. Nakubali pia kwamba kubana mahali pasipohitaji ni kosa. Daftari la mauzo ya duka la vifaa vya ujenzi halihitaji biti zilizobanwa. Linahitaji majina yanayoeleweka. Tena kubana kuna hatari yake. Kwa kuwa kubadilisha biti moja ni kusoma baiti nzima, kuibadilisha na kuirudisha, kazi mbili zikishika baiti moja kwa wakati mmoja, kila moja na biti yake, ya mwisho kuandika inafuta mabadiliko ya mwenzake bila dalili yoyote. Ila tazama makubaliano haya yanaelekea wapi. Ili ujue pa kubana na pa kuacha, ili uikwepe hatari hii, lazima uwe umezijua biti kwanza. Anayezikataa kwa kutozijua hajafanya uamuzi wowote.

Inabaki hoja ya ajira, na ndiyo inayowagusa wazazi. Tovuti zinaajiri, lakini zinaajiri katika ushindani na kila kijana wa dunia mwenye kompyuta, na sasa na mashine zinazoandika kurasa kwa sekunde. Vifaa vilivyofungwa ukutani Ngaramtoni haviwezi kupelekwa kutengenezwa kwa njia ya intaneti. Mita za maji za malipo ya kabla, vipima mvua na unyevu wa mashamba ya mahindi na maharage kwenye miteremko ya Meru, vifuatiliaji vya magari na vya wanyama, pampu za jua: vyote vina vichipu vidogo na masafa membamba ya redio ambako kila baiti inalipiwa kwa betri. Hata fundi wa mtandao anayegawa anwani za ofisi, akiandika 255.255.255.192, anachuja kwa NA iwe anajua au hajui. Arusha ina mahali pa kuanzia. Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru inaendesha, kupitia kituo cha CENIT@EA, shahada ya uzamili ya mifumo iliyopachikwa na ya simu. Chuo cha Ufundi Arusha kinafundisha mafundi wa umeme na elektroniki. Kinachotakiwa ni kwamba mwanafunzi asifike huko akiwa amekwisha kuambiwa na walimu wake wa awali kwamba biti ni historia.

Ombi langu kwa walimu wa kompyuta wa shule na vyuo vya Arusha ni moja, nalo halihitaji bajeti. Chukueni muundo wa tokeni ya umeme, 2, 4, 4, 24, 16 na 16, muuandike ubaoni, na muwaachie wanafunzi waipakie na kuipakua kwa mikono yao hadi wajue kwa nini ni tarakimu 20 na si 21. Dakika za biti 24, zikihesabiwa kutoka 1 Januari 2014, zitajaa tena 24 Novemba 2045, na watakaoulizwa na wananchi siku hiyo wamo darasani sasa.